Kumi Hadi Moja: Jinsi Miyuji Inavyoingia Kwenye Hifadhidata

Shemeji yangu amenunua kiwanja Miyuji, Dodoma, upande wa juu ardhi inakoanza kuonyesha mawe, na tangu siku hiyo kila salamu yake ina mkia: "Shem, za kwako? Na maji ya mvua yanapita wapi?" Swali lake ni zuri. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi iliyobaki ni ya upepo na vumbi. Anayenunua kiwanja mwezi wa Agosti anakabidhiwa ardhi kavu asiyoijua ikilowa itafanya nini.

Jibu la swali lake limo kwenye picha: ramani za miinuko zilizopigwa kutoka angani, picha za satelaiti, picha za droni. Lakini picha iliyolala kwenye flashi haijibu kitu. Unaifungua, unaisifu, unaifunga. Ukitaka ijibu, sharti uiingize kwenye hifadhidata inayojua ardhi, ili uiulize kila pikseli yake: wewe uko wapi, na una mita ngapi juu ya bahari?

Kifaa cha kazi hiyo kinaitwa raster2pgsql. Hakina vitufe vya kubofya. Unakiandikia amri katika dirisha jeusi la terminali. Kinakuja pamoja na PostGIS, nyongeza ya hifadhidata ya PostgreSQL iliyotoka mwaka 2001 mikononi mwa kampuni ya Refractions Research ya Victoria, Canada. Uwezo wa kuhifadhi picha uliingia rasmi katika toleo la 2.0, mwaka 2012.

"Bei gani?" akauliza shemeji.

"Bure."

"Bure ya kampeni au bure kweli?"

"Bure kama upepo wa Miyuji."

Basi tukaweka laptopu kibarazani, tukaanza kuhesabu kurudi nyuma, kutoka lililo jepesi hadi lile ambalo mtu asipolijua, mengine yote tisa hayatamfaa.

10. MSTARI ULIOSIMAMA

Watu wanaokiona kifaa hiki mara ya kwanza huamini kuwa ndicho kinachoingiza picha kwenye hifadhidata. Sicho. Kazi yake ni kutafsiri. Kinaisoma picha, kinaigeuza kuwa maandishi marefu ya SQL, lugha ya hifadhidata, kisha kinayatapika kwenye skrini. Ukikiendesha peke yake, dirisha litajaa mafuriko ya tarakimu na herufi mpaka uone kizunguzungu. Shemeji alidhani ameharibu kompyuta. Hakuharibu chochote; alikuwa amefungua bomba bila kuweka ndoo.

Ndoo ni programu ya psql, na mpira wa kuunganisha ni ule mstari uliosimama, huu hapa: |. Kushoto kwake unaweka raster2pgsql, kulia unaweka psql, na maandishi yanatiririka kutoka huku kwenda kule bila kugusa diski. Hilo la kutogusa diski lina uzito wake, kwa kuwa kila baiti ya picha huandikwa kwa herufi mbili. Faili la megabaiti 26 linakuwa maandishi ya megabaiti 52 na ushee. Mwenye laptopu iliyojaa nyimbo na video za harusi atashukuru.

Ukiongeza herufi -Y, maandishi hayo yanaandikwa kwa mtindo wa COPY badala ya INSERT, na kazi inakwenda haraka zaidi. Tofauti yake ni kama ya kushusha matofali moja moja na kuyamwaga kwa tipa.

9. JINA LA JEDWALI

Herufi ndogo, bila nafasi katikati. "miinuko" ni jina. "Picha za Miyuji MPYA ya mwisho 2" ni barua. Na ukiona upande wa raster2pgsql pameandikwa -d, toa mkono kwenye kibodi kwanza: herufi hiyo hufuta jedwali lenye jina hilo kisha huunda jipya, na haikuulizi kama una hakika.

8. JINA LA FAILI

Hapa tutulie kidogo, maana hapa kuna kitu kizuri.

Mwezi Februari mwaka 2000, chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada, kikapima miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu. Kazi hiyo inajulikana kwa kifupi kama SRTM. Matokeo yake yamekatwa vipande vya nyuzi 1 kwa 1, na yeyote anaweza kuvipakua bure. Kipande chenye Miyuji, Makole, Mlimwa, Chuo Kikuu cha Dodoma na mji mzima kinaitwa S07E035.

Jina hilo si namba ya stoo. Linataja kona ya chini kushoto ya kipande: latitudo 7 kusini, longitudo 35 mashariki. Kutoka hapo kipande kinapanda mpaka latitudo 6 na kwenda mashariki mpaka longitudo 36. Ukitaka Kondoa yenye michoro ya mapangoni, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, chukua S05E035. Manyoni ni S06E034. Ukuta wa bwawa la Mtera uko chini ya latitudo 7, kwa hiyo ni S08E035.

Jambo lenyewe ni hili: faili la aina hii, lenye mkia wa .hgt, ndani yake lina miinuko mitupu, namba zilizopangwa mstari kwa mstari. Halina anwani. Anwani yake ni jina lake. Shemeji, kwa mapenzi ya kiwanja chake, alilibatiza "miyuji_kwetu.hgt". Kifaa kikakataa kulifungua.

"Kimechukia jina la kwetu?"

"Hakijachukia. Umemvua mtoto kitambulisho ukamtuma posta."

Tukalirudishia jina lake. Likafunguka.

7. HERUFI -t, AU SIRI YA 277

Picha kubwa haiingii kwenye hifadhidata nzima nzima. Au tuseme inaingia, kisha inakutesa. Kila unapouliza habari za kona moja, seva inalazimika kuinua picha yote. Isitoshe, PostgreSQL haipokei kitu kinachozidi gigabaiti 1 ndani ya chumba kimoja cha jedwali, na picha ya PostGIS haiwezi kuzidi pikseli 65,535 kwa upande. Kwa hiyo tunaikata vigae kwa herufi -t, na kila kigae kinakaa kwenye mstari wake.

Swali ni ukubwa wa kigae. Masomo mengi husema 100x100 au 256x256, na watu hunakili bila kupiga hesabu. Tupige hesabu basi. Kipande cha SRTM kina pikseli 3,601 kwa 3,601. Ukikata kwa 100, unapata vigae 36 kamili na cha 37 kinabaki na upana wa pikseli 1. Moja! Unaishia na vigae 1,369, na ukingo mzima wa vipande vyembamba kama uzi. Ukikata kwa 256, unapata vigae 225, na vya pembeni vina upana wa pikseli 17.

Sasa gawanya 3,601 kwa 277. Unapata 13, bila baki. Vigae 13 kwa 13, jumla 169, vyote sawa, hakuna kilichopunjwa. Jioni ile nilipoiona hesabu hiyo ikitulia nilimwita shemeji kutoka jikoni.

"Umeniita niache ugali kwa ajili ya kugawanya?"

"Gawanya mwenyewe."

Akatoa simu, akagawanya, akanyamaza. Kisha akasema, "Hii imekaa kama zulia lililopimiwa chumba." Ndivyo ilivyo. Tangu siku hiyo, kila kipande cha SRTM kinachopita mikononi mwangu kinakatwa -t 277x277, na nakuomba nawe ufanye hivyo. Kwa picha nyingine, ambazo vipimo vyake hujavizoea, andika -t auto ukiachie kifaa kichague.

6. HERUFI -I NA -M

-I hujenga faharasa. Bila faharasa, swali la "kiwanja changu kiko kwenye kigae gani?" linajibiwa kwa kubisha hodi milango yote 169. Ikiwepo faharasa, seva inakwenda mlango wenyewe. -M nayo huipa hifadhidata nafasi ya kujihesabu baada ya kupokea mzigo, ijue ina nini na kiko wapi. Ni herufi mbili ambazo hazikugharimu chochote, ziandike kila mara.

Baada ya hapo unaweza kuuliza. Unampa ST_Value kigae na nukta, anakurudishia mwinuko wa nukta hiyo. Unampa ST_Slope, anakuchorea mteremko. Mji wa Dodoma uko kwenye mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukiona namba za jirani na hiyo, mambo yanakwenda. Ukiona 3, simama. Umeuliza nukta ya pwani.

5. HERUFI -C NA WAGENI WALIOCHELEWA

-C huweka masharti kwenye jedwali: picha zote ziwe na kipimo kimoja cha pikseli, mfumo mmoja wa majira (namba za kutajia mahali), na zisitoke nje ya eneo lililopimwa siku ya kwanza. Ni mlinzi mzuri wa geti. Tatizo lake ni kwamba anashika orodha ya siku ya kwanza kama amri ya mahakama.

Tuliingiza S07E035 Jumamosi. Jumapili shemeji akataka tuongeze S07E036, maana ndugu zake wako Kongwa na Mpwapwa, na wilaya hizo zimevuka longitudo 36. Tukatumia -a, herufi ya kuongeza. Jedwali likakataa katakata. Kosa halikuwa kwenye picha. Ilitoka nje ya eneo ambalo -C iliandika jana yake.

"Yaani Kongwa wamefukuzwa kwenye mkoa wao?"

"Wamefukuzwa kwenye jedwali, mkoa uko salama."

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuingiza vipande vyote kwa mkupuo mmoja, ukiandika S07E03*.hgt, ili masharti yapimwe wote wakiwa wamefika. Ya pili ni kuongeza -x pembeni ya -C, herufi inayoondoa sharti la eneo na kuacha mengine. Mimi napendelea -x. Dodoma ni mji unaokua. Jedwali lake liwe na geti linalofunguka.

4. HERUFI -N

Kuna pikseli zisizo na habari, na huandikwa namba ya ajabu ili zijulikane. Kwa SRTM namba hiyo ni -32768, na kifaa huitambua chenyewe. Picha nyingine hazijitambulishi, ndipo -N inapofaa: unaitaja namba hiyo, hifadhidata inairuka. Usipoitaja, angalia: pikseli 999 zenye mita 1,120 na moja yenye -32768, wastani wake unashuka hadi 1,086. Pikseli moja bubu imechimba shimo la mita 34 chini ya mtaa mzima.

3. UMEME

Hii haina herufi, lakini kila aliyefanya kazi hii Tanzania anaijua vizuri kuliko herufi zote. Umefika kigae cha 150, mara feni inanyamaza.

Hapa nataka nikusifie walioandika kifaa hiki. Kwa kawaida yake, raster2pgsql hufungia kazi yote ndani ya muamala mmoja: ama vigae vyote vimeingia, ama hakuna hata kimoja. Umeme ukikatika katikati, hifadhidata ikiamka inafuta nusu iliyokwishaingia, na jedwali linakuwa kama halijawahi kuguswa. Unaanza upya ukiwa na uhakika. Ipo herufi -e inayovunja utaratibu huo, kila sentensi ikajitegemea, na wako wanaoipenda kwa sababu hawataki kurudia kazi. Mimi siipendi. Jedwali lenye vigae 150 kati ya 169 halisemi kwamba limepungukiwa. Linajibu maswali kwa sauti ileile ya kujiamini, na siku moja unaliuliza habari za mtaa fulani wa kusini, linakujibu kwa kimya, nawe unadhani kimya ni bonde.

Shemeji alipinga. Alisema nusu mkate ni bora kuliko kukosa. Nikamwambia kwenye chakula nakubali, na hata kidogo kilichokuwa mezani tukakigawana. Kwenye ramani ya mahali mtu atakapojenga, hapana.

2. HERUFI -R NA -F, NA KILE WALICHOKIFANYA ZANZIBAR

Mpaka hapa tumezungumzia miinuko ya SRTM, na ni wakati wa kusema ukweli wake. Pikseli yake ni takriban mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900 hivi. Kiwanja cha shemeji ni 20 kwa 30. Kiwanja chote, mlango, karo na mti wa mwarobaini vinaweza kuingia ndani ya pikseli moja na nafasi ikabaki. SRTM inakueleza mlima unakoinamia. Kiwanja chako haikioni. Kwa kiwanja unahitaji droni.

Na kwa habari za droni, mfano wetu mkubwa uko ng'ambo ya maji. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walianza kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni ndogo za eBee, pikseli moja ikiwa sentimita 7 hivi ardhini. Wanafunzi wa SUZA walizirusha wenyewe. Bara nako, mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wakichora mitaa inayofurika. Hizo ni kazi za watu wetu kwenye ardhi yetu, nami nazitaja kwa fahari.

Lakini piga hesabu ya sentimita 7. Kilometa moja ya mraba inakuwa na pikseli zipatazo milioni 204. Kila pikseli ina rangi tatu, baiti tatu, kwa hiyo kilometa moja ya mraba ni megabaiti 612 kabla ya kubanwa. Unguja ina kilometa za mraba zipatazo 1,600. Unakaribia terabaiti nzima, kisiwa kimoja, na Pemba bado inasubiri zamu.

Hapo ndipo -R inapoingia. Herufi hii haiingizi picha. Inaandika kwenye jedwali picha iko wapi, na picha yenyewe inabaki kwenye diski yake. Hifadhidata inabaki nyepesi. Sharti lake ni kwamba njia ya kufikia faili iandikwe kamili na ionekane kutoka kwenye seva, wala isionekane kutoka kwako tu. Ukiandikisha picha iliyo kwenye flashi kisha ukaichomoa kwenda nayo nyumbani, jedwali litabaki na orodha ya wageni walioondoka. Pia PostGIS huufunga mlango huu kwa usalama mpaka mwenye seva aufungue kwa postgis.enable_outdb_rasters, na kuruhusu aina za picha kwa postgis.gdal_enabled_drivers. Ukipata ujumbe wa kukataliwa, anzia hapo.

Ushauri wangu: miinuko iingie ndani, kwa sababu utaipigia hesabu kila siku. Picha za rangi za droni, ambazo kazi yake kubwa ni kutazamwa, ziandikishe kwa -R. Na zote zipe -F, inayoongeza safu ya jina la faili zilikotoka. Ukiwa na mafaili mia nne ya siku tofauti za kuruka, siku ukikuta kigae chenye kivuli cha wingu utataka kujua ni cha safari ipi. Ongeza na -l 2,4,8 zijengwe nakala ndogo za kutazamia kwa mbali, ili anayetaka kuona mji mzima asilazimike kusubiri kila pikseli ya kila bati.

"Bati langu litaonekana?"

"Hata misumari utaikisia."

1. HERUFI -s

Tumefika.

Herufi hii inafuatwa na namba, na namba hiyo inaiambia hifadhidata picha imepimwa kwa mfumo gani wa majira. Haihamishi picha hata hatua moja. Inaipa anwani tu, na hifadhidata inaiamini. Kwa S07E035 namba ni 4326, nyuzi za kawaida za longitudo na latitudo. Kwa picha ya droni, ambayo hupimwa kwa mita, hapo Dodoma ina hadithi yake peke yake.

Kwa vipimo hivyo vya mita, dunia imegawanywa kwenye kanda za UTM za nyuzi sita sita. Mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo 36. Dar es Salaam, Morogoro na Zanzibar ziko kanda ya 37. Mji wa Dodoma uko kwenye longitudo 35.7 na ushee, kanda ya 36, lakini kilometa kama 30 tu kutoka ukingoni. Amri zilizoandikwa na watu wa Dar es Salaam husema 32737, namba sahihi kabisa ya kwao.

Shemeji alipata picha ya mteremko wa Miyuji kutoka kwa kijana mmoja mwenye droni. Faili lilikuwa na vipimo vya mita lakini halikutaja mfumo. Akanakili amri ya Dar es Salaam, na 32737 yake. Kifaa hakikulalamika. Tulipoifungua ramani, Miyuji ilikuwa imetua kwenye Bahari ya Hindi, nyuzi sita mashariki mwa mahali pake, kilometa kama 660, mbali kupita Unguja.

"Shem! Kiwanja kimepata ufukwe!"

"Kimepata papa pia."

Tukacheka mpaka majirani wakauliza. Na kosa hilo ndilo lisilonitia hofu, kwa sababu linaonekana hata na mtoto.

La kutisha lilifuata. Akajaribu 21036. Kanda sahihi, 36. Lakini 21036 ni Arc 1960, mfumo wa zamani uliochorewa ramani zetu za karatasi za 1:50,000, za mfululizo wa Y742. Droni hupima kwa WGS 84, ambayo kwa kanda yetu ni 32736. Tofauti kati ya mifumo hiyo miwili ardhini ni takriban mita 300. Picha ikatua Miyuji. Vichaka vya Miyuji, udongo wa Miyuji, bati zinazofanana na bati. Chochote ulichokitazama kilikuwa na sura ya kuwa sahihi. Ila kiwanja cha shemeji kilikuwa kimekaa juu ya nyumba ya mtu mwingine, nyumba yenye uzio na gari uani.

Safari hii hakucheka. Alikaa kimya akitazama lile gari. "Shem, nimeuziwa cha watu?"

Nilimwonea huruma kweli. Fikiria mtu aliyejinyima miaka mingi, anaona kwenye skrini jasho lake limekaliwa. Na fikiria mwingine, mahali pengine, asiye na wa kumwuliza, anabeba ramani kama hiyo kwenda kugombana na jirani yake. Ugomvi wa ardhi hauhitaji mita 300. Mita mbili zinatosha.

Hatukulazimika kuingiza picha upya. Ipo amri ya UpdateRasterSRID, unaitajia jedwali, safu na namba sahihi, inabadilisha anwani pale pale. Tukaandika 32736. Picha ikarudi mahali pake, nyumba yenye gari ikahama kwenda kwa mwenyewe, na kiwanja cha shemeji kikabaki kitupu, na mwarobaini wake mmoja upande wa chini. Tukahakikisha mara mbili. Kwanza tuliiuliza hifadhidata itaje katikati ya picha kwa nyuzi, na kwa Miyuji lazima ianze na 35.7 mashariki na 6.1 kusini. Kisha tulitembea na simu mpaka kwenye ule mwarobaini, tukasoma majira yake, tukalinganisha. Hatua ya pili usiiruke. Kujua longitudo peke yake kutakuokoa na bahari. Mita 300 zinakamatwa na miguu.

Ndipo maji yakaulizwa. Mteremko wa SRTM ulionyesha mlima unashusha maji kuelekea kusini-magharibi kwa ujumla, na picha ya droni ikaonyesha korongo dogo lililopita nyuma ya kiwanja, wala halikuvuka katikati. Kwenye mchoro wa nyumba atakayojenga, karo likahamishiwa upande wa pili, kisima kikabaki juu.

Amri yetu ya miinuko, kwa atakayetaka kuinakili, ni hii:

raster2pgsql -s 4326 -t 277x277 -I -C -x -M -F -Y S07E035.hgt miinuko | psql -d miyuji

Ile ya droni hubadilisha -s kuwa 32736 na -t kuwa auto, huongeza -R na -l 2,4,8, na hutaja faili na jedwali lake yenyewe.

Juzi usiku shemeji alinipigia tena. Mama mkwe wake wa Kongwa amesikia habari za korongo, naye anataka shamba lake lipigwe picha kabla ya Desemba, na yule kijana wa droni ameshakwenda. Nikaanza kumwambia asisahau, Kongwa ni mkoa huohuo lakini...

"Kanda ya 37," akanikatiza. "32737. Nimeshaandika, shem, nilikuwa nakusalimia tu."